Prosesa Hupewa Sifa, RAM Ndiyo Huamua Umri wa Kishikwambi

Pita maduka ya mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au yale ya Luthuli jijini Nairobi, usome maboksi ya vishikwambi yaliyopangwa nyuma ya vioo. Mengi yanatangaza mambo yaleyale kwa herufi kubwa: viini vinane vya prosesa, gigahezi 2 na ushee, Android mpya. Pembeni kuna stika yenye namba ya RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa, na ukiiamini namba hiyo utadhani unauziwa kompyuta ya studio. Muuzaji atakiwasha, atafungua YouTube, video itacheza bila kukwama, na kuanzia hapo mazungumzo yanahamia kwenye bei.

Jaribio hilo la YouTube halipimi chochote. Kufungua video ni kazi ya sehemu maalumu ndani ya chipu, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na hata chipu za bei ya chini zimekuwa nayo kwa miaka mingi. Kishikwambi kilichocheza video vizuri dukani kinaweza kukuchosha kesho yake, pale utakapotaka kusoma PDF, kujibu ujumbe wa WhatsApp na kurudi kwenye fomu uliyokuwa unajaza. (Na wanaonunua kwa ajili ya Netflix wajue kuna kikwazo kingine kisichohusiana na kasi hata kidogo. Vishikwambi vingi vya bei rahisi vina kiwango cha chini cha Widevine, ulinzi unaozuia video kunakiliwa, kile kinachoitwa L3, na huko ubora wa picha hubanwa hata prosesa ingekuwa na nguvu kiasi gani.)

Msimamo wangu ni huu. Prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu, ina kizingiti. Chini ya kizingiti hicho kila kitu kinakera, kuanzia kibodi. Ukishakivuka, nguvu ya ziada haionekani sana katika kazi za kila siku, na kinachoamua kama kifaa kitakufaa mwaka wa tatu na wa nne ni RAM. Nayo RAM huwezi kuiongeza baadaye, kwa sababu imechomelewa kwenye bodi na hakuna fundi atakayekufungulia nafasi ya kuchomeka nyingine.

Nianze na prosesa, maana sitaki nieleweke kwamba haina kazi. Mfano safi kuliko yote ninaoujua ni Galaxy Tab A7 Lite ya mwaka 2021 na mrithi wake, Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023. Ukiviweka mezani viwili hivyo unaweza kudhani Samsung walibadilisha jina tu. Vyote vina kioo cha inchi 8.7 chenye nukta 1340 kwa 800. Vyote vina betri ya mAh 5,100. Kamera ya nyuma ni megapikseli 8, ya mbele ni 2. Kilichobadilika hasa ni cha ndani: cha kwanza kilitoka na chipu ya MediaTek Helio P22T na RAM inayoanzia GB 3, cha pili kikaja na Helio G99 na RAM inayoanzia GB 4.

Chipu zote mbili zina viini vinane, kwa hiyo boksi halikusaidii. Viini vyote vya P22T ni vya aina ya Cortex-A53, muundo ambao kampuni ya Arm iliutangaza mwaka 2012, ukikusudiwa kuwa mdogo na kula umeme kidogo. Kiini cha namna hiyo hutekeleza maagizo kwa mpangilio uleule yaliokuja nao. Agizo moja likikwama likisubiri data kutoka kwenye RAM, yaliyo nyuma yake nayo yanasimama, kama foleni ya benki yenye dirisha moja ambapo mteja wa mbele bado anatafuta kitambulisho mfukoni. G99 ina viini sita vya Cortex-A55 vyenye tabia hiyohiyo, lakini viwili vilivyobaki ni Cortex-A76, muundo wa mwaka 2018. Hivi hutazama mbele kwenye foleni, vikachukua agizo lililo tayari na kulimaliza wakati lile la kwanza bado linasubiri. Kasi ya viini hivyo viwili ni gigahezi 2.2. Viini vya juu vya P22T hufika 2.3. Yaani mtu anayenunua kwa kusoma gigahezi angetoka dukani na kile cha zamani akiamini amepata chenye kasi.

Kwa nini viini viwili vizuri vishinde vinane dhaifu? Kwa sababu kazi nyingi za mtu wa kawaida hazigawanyiki. Ukurasa wa tovuti ukifunguka, sehemu kubwa ya JavaScript yake, yaani maagizo yanayouendesha, hupita kwenye mkondo mmoja unaoshughulikiwa na kiini kimoja kwa wakati. Kidole kinapogusa kitufe, kuchora jibu la mguso huo kwenye kioo pia hutegemea mkondo mmoja wa programu husika. Viini vingine vipo, vinaangalia. Ndiyo maana aliyehama kutoka chipu ya A53 tupu kwenda kwenye chipu yenye A76 mbili anaona tofauti dakika ya kwanza: herufi zinafuata vidole, orodha ya mazungumzo ya WhatsApp inateleza badala ya kurukaruka, tovuti nzito ya gazeti inafunguka kabla hujakata tamaa. Hicho ndicho kizingiti ninachokisema. Kwa vishikwambi vya Android vya leo, kipo mahali fulani pale ambapo chipu inapata angalau viini viwili vya aina hiyo ya A76 au ya juu yake.

Baada ya hapo faida inapungua haraka sana. iPad ya kawaida ya mwaka 2022 ina chipu ya A14, ya mwaka 2025 ina A16. Kwa vipimo vya maabara A16 iko mbele, hilo halina ubishi. Mpe kila mmoja wa familia achukue moja asome Biblia au Kurani, aangalie katuni, aingie Zoom, ajibu barua pepe, kisha waulize ipi ni ipi. Nadhani watakuwa wanabahatisha. Anayehariri video ndefu, anayechora kwa tabaka nyingi au anayecheza michezo mizito ana hesabu yake tofauti, na fedha yake kwenye prosesa haipotei. Lakini huyo ni mmoja kati ya wengi, na matangazo yote yameandikwa kana kwamba sisi sote ni yeye.

Kuna jambo jingine ambalo huila nguvu ya prosesa kabla mnunuzi hajaionja: kioo. Apple walilionyesha hili vizuri mwezi Machi 2012 walipotoa iPad ya tatu. Kioo chake kilikuwa na nukta 2048 kwa 1536, mara nne ya nukta za iPad 2. Upande wa michoro waliuongezea nguvu, RAM wakaipandisha hadi GB 1, ila viini vya prosesa vilibaki viwili vyenye kasi ileile ya gigahezi 1. Picha ilipendeza mno. Ila Oktoba mwaka huohuo, miezi saba tu baadaye, wakaiondoa sokoni na kuleta iPad ya nne yenye chipu mpya ya A6X. Na mfumo wa mwisho iliopata iPad ya tatu ulikuwa iOS 9, uleule wa mwisho wa iPad 2 iliyoitangulia. Unapoona kishikwambi kipya kina kioo kikubwa zaidi chenye nukta nyingi zaidi, na chipu ni ileile ya mwaka jana, ujue sehemu ya kasi uliyolipia imeshatumika kuchora.

Sasa RAM. Hapa ndipo watu wengi wanapoelezwa vibaya, kwa sababu wanaambiwa RAM kubwa inaongeza kasi. Haiongezi. Programu moja inayotoshea kwenye GB 4 haitakwenda kwa kasi zaidi ukiihamishia kwenye GB 8. RAM kubwa inakuepusha na kurudia kazi, na kurudia kazi ndicho chanzo cha sehemu kubwa ya uzito tunaoulalamikia.

Angalia kinachotokea ndani. Kishikwambi cha GB 2 kikishawaka, Android yenyewe na huduma za Google zimeshakalia zaidi ya nusu ya nafasi kabla hujafungua chochote. Ukianza kufungua programu, mfumo hujaribu kwanza kubana data ya programu zilizo nyuma ili zichukue nafasi ndogo. Kubana na kubanua huko kunafanywa na prosesa. Kwa hiyo kifaa chenye RAM finyu kinaifanya prosesa yake ifanye kazi ambazo hukuiagiza, kinapata joto, kinakula betri, na mwenyewe unasema prosesa ni mbovu. Kubana kukishindikana, mfumo unaanza kuua programu zilizo nyuma, ukitanguliza zile ulizoziacha kitambo. Haukuulizi wala haukuonyeshi ujumbe wowote. Utajua utakaporudi.

Chukua mwalimu anayeingiza alama za wanafunzi kwenye fomu ya mtandaoni. Alama zimetumwa kwa picha kwenye kundi la WhatsApp la idara. Anafungua picha, anashika kichwani mistari mitatu, anarudi Chrome, anaingiza. Anafanya hivyo mara kadhaa, kila kitu shwari. Halafu inaonekana karatasi moja haikupigwa picha, iko hapo mezani kwake, anafungua kamera ili aitunze. Kamera ni mlaji mkubwa wa RAM. Akirudi Chrome, ukurasa ni mweupe, kiduara kinazunguka, kisha mfumo unamtaka aingize nywila upya. Alama alizoingiza bila kuzihifadhi hazipo. Prosesa hapo haikukosea wala haikuchelewa. Ingekuwa na nguvu mara mbili, ukurasa mtupu ungemfikia mapema zaidi tu.

Na kuna gharama ambayo wachambuzi wengi wa vifaa hawaitaji, pengine kwa sababu wanaandika wakiwa kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo. Ukurasa uliouawa ukirudi, sehemu yake kubwa huvutwa upya kutoka mtandaoni. Orodha ya video inapakiwa tena, picha za matangazo zinakuja tena, ramani inajichora tena. Hayo yote ni bando. Mtu mwenye kishikwambi cha RAM finyu anayerukaruka kati ya programu nne analipia kurasa zilezile mara mbili au tatu kwa siku, kisha analaumu kampuni ya simu kwamba bando linaisha kimiujiza. Kampuni za simu zina makosa yake, ila hili si lao.

Ukitaka ushahidi kwamba RAM ndiyo inayoamua umri, historia imetupa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 2014 Apple walitoa iPhone 6 yenye chipu ya A8 na RAM ya GB 1. Mwaka 2015 wakatoa iPad mini 4 yenye A8 hiyohiyo, ila RAM ni GB 2. Ilipofika mwaka 2019 na iOS 13, iPhone 6 ilikatwa. iPad mini 4 ikaendelea kupata mfumo mpya hadi iPadOS 15, uliotoka mwaka 2021. Chipu ya jina lilelile, na kifaa kimoja kikaishi matoleo matatu zaidi. Siyo hao wawili tu. Panga vifaa vyote vilivyoachwa na mfumo wa 2019: iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus, iPad Air ya kwanza, iPad mini 2 na 3, iPod touch ya kizazi cha sita. Vyote vina GB 1. Vilivyobaki upande wa pili, kuanzia iPhone 6s na iPad Air 2, vina GB 2 au zaidi. Apple hawakusimama jukwaani kusema mstari umechorwa kwa RAM, lakini mstari umepita hapohapo bila kupinda.

Faida ya GB moja hiyo haikuishia kwenye makaratasi. WhatsApp ilipotoa rasmi programu yake ya iPad mwezi Mei 2025, ilitaka iPadOS 15.1 au zaidi. iPad Air 2 ya mwaka 2014 inaipata. iPad Air ya kwanza ya mwaka 2013, iliyokwamia iOS 12, haiipati. Zote mbili zinapatikana kwenye soko la mitumba, zote ni nyembamba, zote zinang'aa, na kwa jicho la mnunuzi asiyejua ni kitu kilekile. Mwenye kuuza naye mara nyingi hajui, au anajua na ananyamaza.

Upande wa Android mstari huo hauonekani wazi namna hiyo kwa sababu kila kampuni inaacha vifaa vyake kwa wakati wake, lakini mwelekeo ni mmoja. Google walianzisha Android Go kwa ajili ya vifaa vyenye RAM ya GB 1 au chini ya hapo. Kufikia Android 13, hata hiyo Go iliyopunguzwa uzito ilitaka angalau GB 2. Amazon nao, walipotoa Fire HD 10 ya mwaka 2021, waliacha aina ileile ya prosesa iliyokuwa kwenye ile ya 2019 na kuipandisha RAM kutoka GB 2 hadi GB 3. Wahandisi wao walikuwa na bajeti ndogo ya maboresho na walichagua kuitumia hapo. Mimi naona walichagua vizuri.

Kuna mhusika wa tatu ambaye hatajwi kwenye boksi: hifadhi, pale programu na picha zinapokaa. Hifadhi ya aina ya eMMC, iliyojaa kwenye vifaa vya bei rahisi, haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ya aina ya UFS inaweza, na ina kasi kubwa zaidi. Somo la hifadhi tulilipata kwa Nexus 7 ya mwaka 2012, kishikwambi kilichopendwa sana wakati wake, kikiwa na chipu ya Tegra 3 yenye viini vinne na RAM ya GB 1. Baada ya miezi kadhaa ya matumizi, hasa kikijaa, kiliganda kwa namna ya kukatisha tamaa. Prosesa ilikuwa ileile. Tatizo kubwa lilikuwa hifadhi isiyosafishwa vizuri: kila uandishi mpya ulilazimika kwanza kufuta vitu vya zamani. Google waliongeza usafishaji wa moja kwa moja kwenye Android 4.3 mwaka 2013, na hali ikapata nafuu, kabla Android 5 haijakielemea tena mwaka uliofuata. Leo mifumo inajisafisha, lakini hifadhi ya GB 32 iliyojaa picha za makundi ya WhatsApp bado itakiburuza kifaa. Fundi atakwambia akifute kianze upya, kitaruka kama kipya kwa wiki mbili, kisha programu zitasasishwa, picha zitarudi, na wewe utarudi kwa fundi.

Hifadhi ndiyo inayotufikisha kwenye ile stika. Vifaa vingi sasa vina kile kinachoitwa RAM ya ziada, RAM pepe, RAM Plus na majina mengine. Kifaa kinachukua kipande cha hifadhi na kukitumia kama sehemu ya kuweka data ambayo RAM imezidiwa nayo. Si utapeli kwa asili yake, kompyuta zimefanya hivyo kwa miongo mingi. Utapeli unaanza pale GB 4 za kweli na GB 12 za kukopa kwenye hifadhi zinapojumlishwa na kuandikwa GB 16 kwenye boksi. Hifadhi ya eMMC ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM, na kila uandishi unapunguza umri wake. Apple nao waliruhusu jambo kama hili kwenye iPadOS 16 mwaka 2022, lakini kwa iPad zenye chipu za M na hifadhi ya kasi, si kwa kila kifaa. Kwenye kishikwambi cha bei ya chini, namba hiyo ya kukopa ihesabu kama sifuri, kisha uangalie kama bado unataka kununua.

Kupima dukani si kazi ngumu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya kifaa, usome RAM. Ukiona alama ya kujumlisha, kinachohesabika ni namba ya kwanza. Halafu muombe muuzaji intaneti, fungua Chrome na tovuti nzito kama tano kwenye vichupo tofauti, fungua kamera upige picha mbili, fungua YouTube kidogo, kisha urudi kwenye kichupo cha kwanza. Kikikukuta pale ulipokiacha, vizuri. Kikianza kupakia upya, umeona maisha yako na kifaa hicho yatakavyokuwa, na bado ni kipya, hakina hata picha moja ya harusi ya binamu.

Wanaohitaji kuyajua haya zaidi kuliko mnunuzi wa kimoja ni wanaonunua maelfu. Tanzania ilitumia vishikwambi kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na baada ya zoezi vikagawiwa kwa walimu. Uamuzi mzuri, sina ugomvi nao. Lakini tazama tofauti ya kazi. Karani wa sensa anatumia programu moja, dodoso moja, kwa muda mfupi, na mengine yamefungwa. Mwalimu ana WhatsApp, kivinjari, PDF za mihtasari, kamera, mfumo wa taarifa za shule na pengine michezo ya mtoto wake jioni, na anategemea kifaa hicho kwa miaka. Kwa kazi ya kwanza GB 2 zinaweza kutosha. Kwa ya pili hazitoshi, na hakuna sasisho litakalozifanya zitoshe. Zabuni ya umma inayotaja idadi ya viini na ukubwa wa kioo lakini ikaacha RAM halisi, aina ya hifadhi na miaka ya masasisho, imempa mshindani ruhusa ya kukata palepale ambapo maumivu yatakuja baadaye.

Hata kwa kampuni zenye fedha, RAM ndipo ubahili unapojificha. iPad ya mwaka 2025 yenye A16 ina RAM ya GB 6, na haina huduma za akili unde za Apple. iPad mini ya mwaka 2024 yenye A17 Pro ina GB 8, na inazo. Vilevile iPad Pro ya mwaka 2021 yenye M1, ambayo ni ya zamani kuliko hiyo ya A16, inazo, na RAM yake inaanzia GB 8. Sikuambii ununue kishikwambi kwa ajili ya akili unde. Nyingi ya huduma hizo bado ni za kuchezea. Nakuonyesha kwamba mstari wa kesho umeshachorwa, na kwa mara nyingine umepita kwenye RAM.

Na wakati umekuwa mbaya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda vikali kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Mwezi Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina lake la siku nyingi la kuuzia watu wa kawaida kumbukumbu. Mtengenezaji wa kishikwambi cha bei rahisi akibanwa hivyo ana njia mbili: kupandisha bei, jambo ambalo kila mtu ataliona, au kuacha bei ilivyo, kuweka chipu yenye jina jipya na kurudisha RAM nyuma kutoka GB 6 hadi 4, jambo ambalo wachache wataliona. Natarajia njia ya pili itapendwa. Kwa hiyo usishangae ukikuta toleo jipya lenye prosesa bora na RAM ndogo kuliko lile la mwaka juzi, na kama la mwaka juzi bado lipo rafuni na bado linapewa masasisho ya usalama, yapime yote mawili kabla ya kutoa hela.

Kwa mwenye GB 2 au 3 tayari mkononi, ukarabati upo ila ni mdogo. Tumia Facebook ndani ya kivinjari badala ya programu yake, weka matoleo mepesi pale yalipo, zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha za WhatsApp, acha robo ya hifadhi ikiwa tupu. Ile tabia ya kufungua orodha ya programu na kuzifuta zote kwa kidole kila baada ya dakika tano iache, maana kila unayoifuta italazimika kuanza upya ukiihitaji, na kazi hiyo ya kuua mfumo tayari unaifanya bila msaada wako. Fomu ndefu ijaze kwanza kwenye programu ya kuandikia, kisha nakili na ubandike.

Mteja akiniuliza achague kati ya GB 4 yenye chipu ya mwaka huu na GB 8 yenye chipu ya miaka miwili nyuma, zote zikiwa zimevuka kizingiti na bado zinapata masasisho, namwambia achukue ya GB 8 na abaki na chenji ya kununulia kava.